Nakubali Yote

Dada yangu Mal-sun ni mwanamke wa siri. Akibonyeza namba za mlango wa nyumba yake hufunika vitufe kwa mkono wa pili, hata nikiwa nimesimama nyuma yake mimi, mdogo wake wa tumbo moja, niliyemchagulia namba zenyewe. Mzigo ukiletwa nyumbani, boksi halitupi mpaka achukue dawa ya kuondolea rangi ya kucha, asugue jina na anwani hadi karatasi itoboke. Wazoa taka wote wa Daegu hawatajua kamwe kwamba aliagiza soksi.

Lakini mpe simu. Mpe simu iliyoandikwa pale chini "Nakubali yote", uone kidole kinavyoshuka, upesi kuliko kuku aliyeona punje. Hasomi. Anasema maandishi yale ni madogo na wenyewe wameyafanya madogo ili watu wasisumbuke, kwa hiyo kuyasoma ni kuwakosea adabu.

Mungu ana mzaha wake, akampa binti anayeitwa Se-rin, na Se-rin akaajiriwa Madang. Madang ni ule mtandao ambao nusu ya mji wetu inashinda humo ikitazama chakula cha watu wengine. Kazi ya Se-rin ni ya mlangoni. Programu za watu wa nje, za michezo, za nyota, za kukwambia ulikuwa nani kabla hujazaliwa, zikija kubisha hodi Madang, yeye na wenzake wanazikagua zinataka kumchukulia mtumiaji nini. Kila sikukuu ya mavuno, Chuseok, tukikaa chini kufinyanga vikeki vya mchele vya songpyeon, anatuhubiria mpaka unga unakauka mikononi.

"Mama, ukikubali wewe, unawakubalia na rafiki zako wote. Wanabeba majina, namba, siku za kuzaliwa, kila kitu."

"Mimi wataniibia nini? Nina magoti mabovu tu."

"Mama mdogo, hebu mwambie wewe."

"Mwache, mwanangu," nikasema. "Magoti yale wakiyaiba watayarudisha wenyewe."

Mwaka jana alipambana na programu moja inaitwa Saa Njema. Hiyo unaipa saa ya kuzaliwa ya watu wawili, inakwambia kama wanafaana. Se-rin aliwaandikia wakubwa wake kwamba ifungiwe nje, maana inakomba majina yote ya simu ya mtu, kisha inasema na rafiki zake kana kwamba ni yeye anayesema. Wakubwa wakamjibu kwa upole mwingi, upole wa watu walioshiba, kwamba watumiaji wanakubali wenyewe. Basi Saa Njema ikaingia, ikakaa, ikanyoosha miguu.

Sasa nije kwenye harusi.

Se-rin alizaliwa mwaka wa Farasi Mweupe. Kwetu kila mwaka una mnyama wake, na msichana wa mwaka ule husemwa ana kwato: anamkanyaga mume, anamkanyaga mkwe, akibaki na nafasi anakanyaga na majirani. Mwaka hauna dawa, umeandikwa kwenye kitambulisho. Ila saa ya kuzaliwa haiandikwi popote, na siri ya mtungi aijuaye kata. Kata tulikuwa wawili, dada yangu na mimi niliyemshika mkono siku ile. Mtoto alitoka saa sita mchana, redio ya wodini ikisoma taarifa ya habari. Saa nazo zina wanyama wake, na saa sita mchana ni saa ya Farasi. Farasi juu ya farasi.

Kwa miaka mingi haikumuuma mtu. Se-rin alikuwa na kazi yake, chumba chake na paka wake. Akafika miaka thelathini na mitano, ndipo akamleta Do-hyeok, daktari wa mifugo, mtu mpole, anayetibu farasi wa mashindano na ana harufu ya majani makavu hata akivaa suti. Dada yangu alimpenda palepale. Siku ile usingemwambia kitu kuhusu Do-hyeok. Alishamwona amevaa aproni anaosha vyombo vyake.

Tatizo lilikuwa mama yake Do-hyeok. Mwalimu Pyo Gyeong-ja alikuwa mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya wasichana, na kustaafu hakukumfikia shingoni. Bado anatembea kana kwamba kuna mtu anakimbia kwenye korido. Yeye alitaka mambo ya zamani: saa ya kuzaliwa ya bwana harusi iandikwe kwa wino, ifungwe kwenye kitambaa chekundu, ipelekwe kwa mama wa binti, na ya binti irudishwe hivyohivyo, halafu mzee wa nyota nyuma ya soko atazame. Majibu yakiwa mabaya, hakuna harusi. Alilisema akitabasamu, na sote tukajua hatanii.

Dada yangu akaja saluni kwangu rangi imemtoka.

"Ok-bun, nifanyeje? Nikiandika saa sita, mtoto wangu ataolewa na paka."

"Andika ukweli."

"Unaongea kama mtu asiye na binti."

Basi akaandika saa nane, saa ya Kondoo. Alimchelewesha mtoto kuzaliwa kwa saa mbili, miaka thelathini na mitano baada ya kumzaa. Karatasi ya Do-hyeok ilisema saa kumi na mbili jioni, saa ya Jogoo. Mzee wa nyota akatazama, akapiga paja, akasema ndoa kama hii yeye kaiona mara mbili tu maishani. Ukumbi ukakodishwa.

Ungedhani mtu hapo atalala. Dada yangu hakulala. Aliyajua mwenyewe aliyoyafanya, na alitaka kujua ile saa ya kweli inasema nini, maana huyo ni mwanawe wa pekee na kama kuna kukanyagana mbeleni alitaka aanze kuomba mapema. Kwenda kwa yule mzee hawezi, mzee yule mdomo wake hauna komeo. Akafikiri, akapata jibu la busara zake zote. Simu haina mdomo.

Ilikuwa Ijumaa, saluni imejaa. Nilikuwa nimemfunga rola kichwa kizima, nimemvika kofia ya plastiki, dawa ya mawimbi inamwingia. Nyuma yake wamekaa wanawake watatu, wa duka la kimchi, ile kabichi ya pilipili, na wenzake wawili wa kwaya. Nikamwona anafungua Saa Njema.

"Dada, si ndiyo ile aliyosema Se-rin?"

"Se-rin anaongelea wajinga. Mimi naangalia tu."

Kidole kikashuka: nakubali yote. Akaandika jina la Se-rin na saa sita mchana. Akachagua jina la Do-hyeok kwenye namba zake, na kabla hajaandika kingine, sehemu zote zikajijaza zenyewe, mwaka, siku na saa.

"Umeona!" akaniambia, amefurahi kweli. "Inamjua! Halafu mnasema mashine mbaya."

Mimi nilikuwa na brashi mkononi na mteja anapiga kelele maji ya moto. Sikuuliza inamjuaje. Programu ikazungushazungusha nyota zake, ikacheza muziki, ikaleta jibu: thelathini na nane kwa mia, na chini yake picha ya farasi amemwekea panya kwato mgongoni. Dada yangu akashusha pumzi. Alikuwa bado hajaimaliza hiyo pumzi, simu ya mama wa kimchi ikalia. Ikalia ya mwanakwaya wa kwanza. Ikalia ya wa pili. Ikalia na yangu, juu ya rafu, kati ya mafuta na vitana.

Mama wa kimchi akasoma kwa sauti, maana mama wa kimchi hajawahi kusoma kitu kimoyomoyo. "'Rafiki yako Mal-sun ameangalia ndoa ya Se-rin na Do-hyeok. Wamepata 38 kwa mia! Bonyeza uone saa zao.' Ala! Mal-sun, si ulisema wamepata alama za juu?"

"Hiyo... hiyo ni ya Se-rin mwingine."

"Na Do-hyeok mwingine?"

"Wee Kimchi, nyamaza ukaushwe nywele," nikamwambia, lakini nilishaona dada yangu anavyohesabu kwa macho wote waliomo kwenye simu yake. Daktari wa meno. Mchungaji. Fundi wa boila. Mwalimu Pyo. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikuwa ameualika ukoo mzima, na wasio ukoo.

Kesho yake Mwalimu Pyo akaja nyumbani kwa dada yangu na boksi la peya, zile za kwetu za duara kama tufaha. Kwetu huendi kwa wakwe mikono mitupu, hata ukienda kuvunja uchumba. Aliziweka mezani, akakaa, mgongo umenyooka. Nyuma yake akaingia Do-hyeok, amekodoa macho kama ng'ombe aliyeamshwa. Se-rin alikuwa amefika mapema. Hakuwa amemsemesha mama yake neno, na hilo lilimtisha dada yangu kuliko Mwalimu Pyo.

"Mkwe," Mwalimu Pyo akaanza, "kama bado naruhusiwa kukuita hivyo. Kwenye karatasi uliniandikia saa nane. Kwenye simu umeandika saa sita. Huyu mtoto alizaliwa mara ngapi?"

Dada yangu akamenya peya. Hakuna mtu aliyemwomba.

"Nimefundisha miaka mingi," Mwalimu Pyo akaendelea. "Mwongo namjua anavyoshika kalamu. Lakini sikutegemea kwa mtu mzima, tena kwa jambo la watoto. Harusi hii ni ya mwanangu wa pekee. Siwezi kumkabidhi kwenye nyumba inayoanza na uongo."

Do-hyeok akasema, "Mama, basi."

"Basi nini? Njia ya mwongo fupi. Tutarudisha ukumbi."

Nilimtazama Se-rin. Machozi yalikuwa yanamtoka, mtoto ambaye hata akianguka baiskeli halii. Binti yetu mkaidi alimpenda yule kijana, na sasa alikuwa anamwona akiondoka kwa ajili ya kidole kimoja. Nikaona kisu cha peya kimesimama. Dada yangu alikuwa analia bila sauti, peya imemenywa hadi kwenye kokwa.

Halafu Se-rin akafuta uso kwa kiganja, akashika simu ya mama yake. Akawa mtu wa kazini.

"Mama, saa ya Do-hyeok uliandika wewe?"

"Hapana. Ilijijaza."

"Ilijijaza ngapi?"

"Sikuangalia, mwanangu. Niliona farasi na panya tu."

"Panya ni saa sita usiku," Se-rin akasema polepole. "Karatasi yao ilisema saa kumi na mbili jioni. Jogoo. Hii programu haibahatishi. Mtu akiileta saa, inaitunza, inampa kila atakayeuliza. Kwa hiyo kuna mtu alishaiandika kabla ya mama."

"Mimi saa yangu siijui," Do-hyeok akasema. "Anayeijua ni..."

Hakumaliza. Sote tukageuka. Mwalimu Pyo alikuwa anatazama peya kana kwamba ni za kusahihishwa.

"Niliangalia tu," akasema, sauti imepungua madarasa matatu. "Kabla sijaandika karatasi. Nilitaka kuona. Mtoto alizaliwa usiku wa manane, anayezaliwa saa hiyo wanasema... wanasema vitu."

"Na karatasi?" nikauliza. Nani angenyamaza hapo?

"Nikamsogeza kidogo."

"Saa sita nzima!" nikasema. "Dada yangu kasogeza mbili. Mwalimu, unamzidi mara tatu."

"Ok-bun!" dada yangu akanifokea, lakini alikuwa amekaa wima tena kwenye kiti, rangi imerudi. Akakata kipande cha peya nyingine, akakitia uma, akampa Mwalimu Pyo. "Karibu peya, mkwe."

Mwalimu Pyo akapokea. Angefanya nini.

Sasa uongo ulikuwa umeshafutana, ukabaki ule ukweli wenyewe, thelathini na nane, na mama wote wawili wanauamini hadi kwenye mifupa. Mwalimu Pyo akaweka uma chini. "Hata hivyo," akasema, naye sasa hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. "Farasi na panya."

Do-hyeok akakohoa. Nadhani kabla ya siku ile sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu.

"Mama, mimi nafanya kazi kwenye mabanda ya farasi. Kila banda lina panya. Wanakula shayiri ileile, wanalala kwenye majani yaleyale. Farasi akikosa panya bandani, tunamwangalia tumbo, maana labda chakula kimeharibika. Sijawahi kumtibu panya aliyekanyagwa."

Se-rin akacheka na machozi yakamtoka pamoja. Dada yangu akasema, "Nilisema mimi, kijana huyu ana akili," ingawa hakuwahi kusema. Mwalimu Pyo akamtazama mwanawe, akanyoosha mkono kwenye kipande cha pili. Hivyo ndivyo harusi ilivyookolewa.

"Sasa futeni," Se-rin akasema. "Wote wawili. Hapa mbele yangu. Leo asubuhi nimepigiwa na wakili wa talaka, ana punguzo kwa waliopata chini ya arobaini kwa mia."

Wakatoa simu. Wakahangaika na miwani. Wakapata pale penye kufuta, na programu ikawajibu kwa adabu: ili tujue kweli ni wewe, tafadhali andika tarehe na saa yako ya kuzaliwa.

Dada yangu akainua kichwa. "Niandike ipi?"

Se-rin alifunika uso kwa mikono miwili. Mwishowe aliwafutia mwenyewe, na programu ikaahidi kwamba taarifa zao zitaondolewa baada ya muda unaofaa. Unamfaa nani, haikusema. Jumatatu akapeleka malalamiko kwa wakubwa wake, ya mama yake mzazi, na wakubwa wakampa pole, wakampa na kuponi ya kahawa ya kumpelekea mama, wakamkumbusha kwamba mama alikubali.

Alichodai Se-rin kwa wakwe ni kimoja tu. Ndoa ifungwe saa sita mchana.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mama wawili, mmoja kavaa hanbok, vazi letu la sherehe, ya waridi, mmoja ya buluu, waliwasha mishumaa, wakainamiana, wakakaa. Se-rin akapita kwenye zulia jeupe, mrembo mpaka nikasahau kuwa zile nywele nimezihangaikia mimi. Mfungishaji ndoa akamuuliza Do-hyeok kama ataishi na huyu katika raha na tabu. Do-hyeok akafungua mdomo. Na simu za ukumbi mzima zikalia.

Sitii chumvi. Upande wa bibi harusi, upande wa bwana harusi, mfukoni mwa mpiga kinanda. "Leo rafiki zako Se-rin na Do-hyeok (38 kwa mia) wanafunga ndoa! Watumie hirizi ya kuzuia talaka." Muda unaofaa ulikuwa bado haujafika, naona. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akacheka, mama wa kimchi akaanza kusoma kwa sauti. Se-rin alisimama pale na maua yake, uso umekuwa mweupe kama shela, akatazama chini.

Mwalimu Pyo akasimama.

"Simu!" akasema. Hakupiga kelele. Hakuhitaji. "Zote. Zimeni. Sasa hivi."

Zikazimwa. Watu wazima, mameneja, mchungaji, wakubwa wa Madang wawili waliokuja kula, wote wakainama chini ya meza kama wasichana wa kidato cha kwanza. Mfungishaji ndoa naye akatoa yake kwenye koti akaizima. Mwalimu Pyo akawatazama safu kwa safu, akakaa, akarekebisha sketi. Na Do-hyeok, katika kimya kile, akasema ndiyo.

Mama mmoja, neno moja, akafanya kilichowashinda Madang na ghorofa zao zote. Nilijiambia basi, wamejifunza. Nilitokwa na machozi kabisa, mimi.

Tukafika kwenye picha. Maharusi wapo jukwaani na rafiki zao, mpiga picha anawapanga. Sisi wazee tumekaa chini tunangoja zamu. Akapita msichana wa ukumbi na kibao chenye ule mraba wa vidoa vyeusi. Akasema ukiuelekezea simu, picha zote za leo zitakujia.

Dada yangu akawasha simu.

"Mkwe," Mwalimu Pyo akamwambia kwa ukali, akampiga kofi dogo mkononi. "Hujakoma?"

"Lakini ni picha tu, mkwe. Tena bure."

Mwalimu Pyo akatazama kushoto, akatazama kulia. "Bure kabisa?"

Nikaona vichwa vyao vimesogeleana, waridi na buluu, juu ya simu moja. Nikaona pale chini pameandikwa yaleyale. Kidole cha dada yangu kikanyanyuka.

Jukwaani, Se-rin naye aliona. Maua alimrushia Do-hyeok bila kumtazama, akakusanya gauni lote kwa mikono miwili hadi magotini, akaruka ngazi, akaja kando ya zulia jeupe akikimbia, viatu vinagonga sakafu kama kwato, ko-ko-ko-ko, shela iko hewani nyuma yake, wageni wanavuta miguu chini ya viti.

Mwalimu Pyo akamwangalia anavyokuja. "Mkwe," akanong'ona, "ile saa sita mchana... ni ya kweli?"

"Ya kweli kabisa," dada yangu akasema. Kidole kilikuwa bado hewani. "Redio ilikuwa inasoma habari."

Mimi nilivuta kiti changu pembeni, nimpishe apite.